Minara Miwili, Namba Moja

Njia ilikuwepo. Kumeil aliiona kwa macho yake kwenye kioo cha kompyuta: mstari mmoja safi, unaosema kwamba ukitaka kufika soko la tende ng'ambo ya mto, pitia mnara wa kiwanda cha barafu. Akapiga funda la chai. Aliporudisha macho, mstari haukuwepo. Akasubiri. Mstari ukarudi, ila sasa ulisema upitie mnara wa kiwanda cha chumvi, upande wa pili kabisa wa mji. Halafu ukafutika tena.

"Upo au haupo?" aliiuliza kompyuta. "Chagua moja, mwanaharamu wewe!"

Juu ya paa la jirani, Chasib mfuga njiwa alicheka mpaka njiwa wake wakashtuka. "Kumeil! Ukianza kutukana vyombo, kesho utatukana kuta. Oa, ndugu yangu, uwe na wa kukujibu."

"Njiwa wako ndio wanatua kwenye antena yangu."

"Jana ulisema ni vumbi. Juzi ulisema ni jenereta ya Umm Sabah. Leo njiwa. Kesho utanisingizia mimi mwenyewe nimekaa juu ya antena nataga."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amelaumu kila kitu chenye uzito na kisicho na uzito. Alikuwa amepangusa vumbi, amebadilisha nyaya, amebadilisha neno la siri, amezima ruta, kile kisanduku kinachoelekeza mtandao, na kuiwasha mpaka kidole kikaota sugu. Na kila alipouliza ruta yake habari za ruta za minara jirani, ilimjibu kwa utulivu wa mtu aliyeshiba: majirani wote wapo, wote wanasikika, uhusiano wetu ni kamili. Sasa kama majirani wote wapo, njia zinakwenda wapi?

Hadi majira ya baridi yaliyopita, minara minne ya mtandao ya mji wa Samawa ilikuwa imeishi kama wake wenza, kila mmoja na chungu chake. Laini ya mmoja ikikatika, wateja wake walikaa wamenuna huku wa mtaa wa pili wakitazama mpira. Kumeil ndiye aliyezunguka kwenye kumbi za wenye minara, akanywa chai zao, akawashawishi wajiunge kuwa duara. Aliwaeleza itifaki ya njia kwa maneno ambayo hata mzee asiyejua kuwasha simu aliyaelewa. Kila ruta inawatangazia jirani zake: mimi ni fulani, nyumba ninazozihudumia ni hizi, na ninaopakana nao ni hawa. Tangazo linapita kutoka mnara hadi mnara, na kutokana na matangazo hayo kila ruta inajichorea ramani ya mji mzima. Waya ukikatika huku, habari inakimbia, ramani zinachorwa upya, na mtandao unageukia upande wa pili kabla mteja hajamaliza kulaani.

"Hakuna haja ya mtu kupanda paa," alikuwa akiwaambia, kidevu juu. "Zinajiendesha zenyewe."

Minara mitatu ilijiunga, na nusu duara likafanya kazi vizuri mpaka watu wakaanza kumwita mhandisi. Halafu ukajiunga wa nne, mnara wa Abu Hatim wa soko la tende, ukafunga duara. Tangu hapo ni wazimu.

Ngazi ililia. Ami yake, Haji Shnawa, mwenye mnara, alipanda akiwa ameshika magoti, kilemba kikiwa kimemlegea kwa joto.

"Kumeil, mwana wa kaka yangu. Huko mlangoni kuna kinyozi, kuna mke wa mwalimu Dakhil, na kuna yule mwuza samaki ambaye sijui hata anataka mtandao wa nini. Wote wanauliza swali moja. Niwajibu nini?"

"Waambie nakaribia, ami."

"Unakaribia wapi? Wiki nzima unakaribia. Mtu anayekwenda Karbala kwa miguu angeshafika, akazuru, akarudi."

"Tatizo haliko kwetu. Wallahi tatizo liko kwa Abu Hatim. Kabla yake tulikuwa salama."

Haji Shnawa akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, na sauti yake iliposhuka Kumeil aliogopa.

"Nilikuahidi mnara huu. Nilisema duara likisimama, nakukabidhi, nami nikae na rozari yangu. Lakini mimi ni mtu mzima, siwezi kutukanwa mlangoni pangu na mwuza samaki. Abu Hatim anautaka. Anakuja Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri, tumalize maneno."

"Utamwuzia yeye? Yeye ndiye anayetuharibia!"

"Basi nithibitishie. Mpaka Alhamisi ukiniletea mtandao uliotulia, nitamwambia Abu Hatim akanunue ngamia. Usiponiletea, utakwenda kwa shemeji yako Basra ukamsaidie kwenye mgahawa wake." Akainuka. "Na huo uchafu wa njiwa kwenye antena uutoe. Aibu."

Kumeil alibaki ameutazama mnara. Chuma chake kilikuwa na kutu, taa yake ya juu ilikufa zamani. Lakini kila nati alikuwa ameikaza yeye. Kuuona ukienda mikononi mwa mtu aliyeuhujumu, na yeye akiwa Basra anakaanga samaki wa mtu! Damu ilimpanda. Akachukua simu akampigia Rabab.

Rabab alikuwa binti wa Abu Hatim, na ndiye aliyeiendesha ruta ya baba yake. Alisoma mambo ya mawasiliano chuo kikuu na ulimi wake ulisoma mengine nyumbani.

"Bwana mhandisi," alisema. "Umepiga kuomba radhi?"

"Radhi ya nini?"

"Ya takataka unazotutumia. Ruta yangu haipumui. Kila ikichora ramani, habari nyingine hizo kutoka kwako. Imechora mpaka imechoka."

"Kutoka kwangu? Binti Abu Hatim, muogope Mungu. Hii hujuma imeanza mlipoingia ninyi. Baba yako anautaka mnara wetu, mji mzima unajua."

"Baba yangu anataka mnara. Mimi nataka usingizi. Kama ningetaka kukuharibia, ningekuharibia mara moja, kwa ustadi, ukashindwa hata kujua umeharibiwa. Siwezi kufanya kazi chafu namna hii."

Kumeil aliona kuna ukweli katika majivuno hayo, maana yeye pia angesema vivyo hivyo. "Basi tupime," akasema. "Zima ruta yako. Nione."

"Nazima."

Kumeil akakazia macho kioo. Njia za viwanda vyote viwili zikatulia. Hazikutikisika. Akahesabu pumzi zake. Zikatulia tu, kama ng'ombe waliolala.

"Ahaa!" akapiga kelele, na njiwa wa Chasib wakaruka wote. "Umeona? Ukizima wewe, mji unapona. Nani mgonjwa?"

"Subiri kwanza. Nawasha. Sasa zima ya kwako."

Akazima. Kisha akasikia Rabab akicheka polepole, kicheko cha mtu anayevuta kamba yenye samaki.

"Imetulia, bwana mhandisi. Ukizima wewe, mji unapona. Sasa nani mgonjwa?"

Kumeil akakaa pale alipokuwa amekaa Haji Shnawa. Ruta yake ikiwa peke yake, nzima. Ya Rabab ikiwa peke yake, nzima. Zikiwa pamoja, wazimu. Wala hazikupakana. Kati ya mnara wao wa stesheni ya reli na ule wa soko la tende kulikuwa na kiwanda cha barafu upande huu na kiwanda cha chumvi upande ule. Ruta hizo mbili hazikuwa zimewahi kusemezana uso kwa uso. Vipi watu wasioonana wagombane?

"Uko hapo?" aliuliza Rabab. Sauti yake ilikuwa imepungua makali.

"Nipo. Sielewi."

"Hata mimi." Akasita. "Njoo na kompyuta yako dukani. Mama yupo."

Kumeil alivuka daraja jua likiwa utosini. Duka la Abu Hatim lilikuwa chini ya mnara wao, na ndani Umm Hatim alikuwa amekaa na sinia la maharage mabichi akiyamenya, ili binti yake asikae na kijana peke yao. Alimtazama Kumeil kuanzia viatu.

"Wewe ndiye wa Shnawa? Umekonda. Kwenu hawapiki?"

"Wanapika, khala. Mimi ndiye siku hizi siwezi kula."

"Mtandao," alisema mama kwa huruma, kama mtu anayetaja homa.

Waliweka kompyuta bega kwa bega juu ya meza. Rabab alianza kusoma mipangilio yake mstari kwa mstari, na Kumeil akiifuata kwenye ya kwake. Neno la siri, sawa. Muda wa salamu kati ya majirani, sawa. Kila mstari ulikuwa sawa, na kila ulipothibitika kuwa sawa Kumeil alizidi kupotea. Akatamani kosa, kosa lolote, hata la kumwaibisha yeye.

"Namba ya utambulisho," Rabab akasoma. "Mia na kumi, mia na kumi, mia na kumi, mia na kumi."

"Hiyo ni yangu. Soma yako."

"Ndiyo yangu."

"Unasoma kompyuta yangu, Rabab."

"Kumeil, kidole changu kiko wapi?"

Kidole cha Rabab kilikuwa kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kumeil akaangalia ya Rabab, akaangalia ya kwake, akaangalia tena ya Rabab. Umm Hatim akaacha kumenya.

Kila ruta katika itifaki ile lazima iwe na namba yake ya mafungu manne, kama mtu na jina lake. Itifaki haijali ni namba gani, inajali tu kwamba wawili wasiwe na moja. Hayo Kumeil aliyajua, na aliwaambia wenye minara: kila mnara uchague namba yake. Hakuwaambia washauriane. Na kila alipopitia orodha ya mji na kuikuta mia na kumi, aliona ni yeye mwenyewe, akaipita kama mtu anayepita mbele ya kioo cha nyumbani.

"Ndiyo maana," alisema taratibu. "Kiwanda cha barafu kinasikia: mimi ni Mia na Kumi, niko stesheni. Papo hapo kinasikia: mimi ni Mia na Kumi, niko sokoni. Kinafuta, kinachora, kinafuta."

"Na mimi nasikia mtu anatangaza kwa jina langu mambo nisiyoyasema, napaza sauti kukanusha. Wewe nawe unasikia kukanusha kwangu, unakanusha zaidi." Rabab aliweka mikono kichwani. "Wiki nzima tunapigiana kelele nani ni nani."

"Nani alikuambia uweke namba hiyo?"

"Baba. Na wewe?"

"Ami."

Hapakuwa na haja ya kueleza. Mia na kumi ni hesabu ya jina la Imamu Ali, kila herufi ya Kiarabu ikihesabiwa kwa thamani yake. Imo kwenye pete, kwenye vibao vya magari, kwenye milango ya maduka nusu ya mji. Mzee gani wa Samawa angenunua chombo kinachoomba namba, asikipe hiyo?

Rabab alianza kucheka, na Kumeil naye, mpaka Umm Hatim akasema, "Haya, mmoja abadilishe, tule."

Mmoja abadilishe. Lilikuwa jambo la mstari mmoja. Kumeil alivuka daraja akiwa mwepesi kama aliyevuliwa gunia. Alimkuta ami yake kwenye ukumbi wa wageni, akamweleza yote, akamalizia, "Kwa hiyo nabadilisha ya kwetu sasa hivi, ami, na Alhamisi utamwambia akanunue ngamia."

Haji Shnawa alikuwa ameacha kuvuta rozari.

"Umtoe Imamu kwenye mnara wangu?"

"Ni namba tu ya mashine, ami. Naweka nyingine. Tisini na mbili, ya Mtume mwenyewe."

"Na Abu Hatim abaki na Ali."

"Ndiyo... hapana. Si hivyo."

"Ni vipi basi? Mimi niliiweka kwanza. Kaka yangu, baba yako, alifia njiani akienda kumzuru, na leo nimpishe mwuza tende? Abadilishe yeye!"

"Labda atabadilisha. Lakini mpaka Alhamisi..."

"Apa," alisema mzee. "Nakujua. Utapanda juu kimyakimya. Apa kwa Abbas kwamba hutaigusa namba hiyo mpaka mimi mwenyewe nikuambie."

Hakuna mtu Samawa anayeapa kwa Abbas, mwana wa Imamu Ali, akavunja na kulala usingizi. Kumeil aliapa. Aliapa kwa moyo mwepesi, maana Rabab alikuwa upande wa pili, na Rabab angebadilisha yake. Akapanda paa, akafungua simu. Ujumbe wa Rabab ulikuwa umetangulia.

"Baba kaniapisha kwa Abbas nisiguse. Tafadhali badilisha ya kwenu haraka."

Kumeil alikaa chini ya mnara akacheka kicheko ambacho Chasib, kwa mara ya kwanza, hakukidhihaki. Awali alikuwa haelewi akitafuta kuelewa. Sasa alikuwa ameelewa kila kitu na bado hakuna alichoweza kufanya. Wazee wawili, kila mmoja anampenda yuleyule, na mapenzi hayo yanazima mtandao wa mji mzima. Nani amwambie mwenzake apunguze?

Alhamisi ilifika. Abu Hatim alikuja baada ya sala, na wazee wawili wa ukoo wake na Rabab nyuma yao amebeba kompyuta, kwa sababu mnunuzi alitaka chombo kikaguliwe. Abu Hatim alikuwa mfupi, mpole wa maneno, mwenye macho yaliyokwisha kuhesabu kila nati ya mnara kabla hajavuka kizingiti. Haji Shnawa aliwakalisha mahali pa heshima. Kumeil alishika dele kwa mkono wa kushoto na finjani kwa mkono wa kulia, akaanza kumimina kahawa, mgeni mkubwa kwanza. Mkono wake ulikuwa imara. Aliona fahari hata katika hilo: kama mnara unaondoka, hautaondoka huku mwana wa nyumba anatetemeka.

Abu Hatim akapokea finjani, akaiweka chini mbele yake, hakuinywa.

Finjani iliyowekwa chini ni haja. Mgeni hanywi mpaka mwenyeji amtimizie, na mwenyeji anayemwacha mgeni aondoke bila kunywa hana tena uso wa kutoka nje. Kumeil akajiuliza: Ya nini haja? Bei ilikuwa imekaribia kukubaliwa. Anataka kuuchukua bure?

"Mambo gani haya, Abu Hatim?" Haji Shnawa alisema, na shingo yake ilikuwa imevimba. "Nyumba hii haijawahi kumrudisha mtu. Kunywa. Haja yako imekwisha timizwa."

"Imekwisha?"

"Imekwisha, kwa ushahidi wa wazee hawa. Hata ukitaka mnara wenyewe na paa lake. Kunywa!"

Abu Hatim akanywa. Akaitikisa finjani kuonyesha ametosheka, akamrudishia Kumeil. Halafu akainamisha macho kama msichana.

"Haja yangu ni namba," alisema. "Binti yangu kaniambia haiwezekani tuwe nayo wawili. Usiku sikulala, Haji. Nilisema moyoni: mnara wa Shnawa nitaununua, leo au mwakani, mnara ni chuma. Lakini nikiununua nikaizima namba yake ili yangu ibaki, nitakuwa nimemfukuza Imamu kwenye nyumba ya mtu. Afadhali nimwombe, anipe mwenyewe kwa mkono wake. Niachie mia na kumi."

Mmoja wa wazee akasema, "Allah, Allah," bila kujua ni kwa furaha au kwa mshtuko. Kumeil alimtazama Rabab. Rabab alikuwa anaangalia feni ya dari. Kama alijua, uso wake haukusema. Kama hakujua, uso wake ulikuwa na utulivu wa ajabu.

Haji Shnawa angeweza kutoa mnara. Alikuwa ameshajiandaa kwa hilo wiki nzima. Kwa hili hakuwa amejiandaa hata kidogo. Macho yake yalijaa maji na hakuyafuta.

"Kumeil," alisema mwishowe. "Itoe."

"Ami, kiapo..."

"Nakuambia mimi mwenyewe. Si nilisema mpaka nikuambie? Itoe!"

Kumeil akafungua kompyuta palepale juu ya zulia. "Niweke ipi badala yake?"

"Usiniulize."

Kumeil akaandika tisini na mbili mara nne, akaizima ruta, akaiwasha. Rabab akapiga magoti upande wa pili wa zulia na kompyuta yake, na wote wawili wakakodolea macho. Mistari ilipotea. Ikarudi mmoja, wa pili, yote. Soko la tende kupitia kiwanda cha barafu. Wakangoja ifutike. Haikufutika. Nje, kwa Chasib, televisheni iliyokuwa inakwamakwama ikaanza kusema sentensi nzima.

"Imesimama," alinong'ona Rabab.

"Imesimama," Kumeil akarudia, na hakujua kwa nini sauti yake ilikuwa ya msiba.

Abu Hatim akakohoa kwa adabu. "Alhamdulillahi. Sasa, Haji, tukirudi kwenye ule mnara..."

"Mnara gani?"

Haji Shnawa alikuwa amesimama. Wageni nao wakalazimika kusimama.

"Umekuja nyumbani kwangu ukaniomba kilicho kizito kuliko vyote, nikakupa. Sitaki shukrani. Lakini mtu hanywi finjani moja kwa haja mbili. Umechagua, Abu Hatim. Chukua namba yako uende nayo salama. Mnara ni wa mtoto wa kaka yangu."

Abu Hatim alitafakari, akawatazama wazee wake, na wazee wake wakatazama viatu. Akaweka mkono kifuani, akainama kidogo, akatoka. Rabab alifunga kompyuta yake, akamfuata, na mlangoni akageuka mara moja tu, akainua nyusi kwa Kumeil kama anayeuliza: je, umeridhika?

Walipobaki wawili, alisogea kumbusu ami yake bega. Mzee alimzuia kwa kiganja.

"Usinishukuru. Leo sitaki kukuona. Nenda kwenye mnara wako."

Kumeil akapanda ngazi. Paa lilikuwa la moto, na chuma cha mnara kilikuwa chake, kutu na nati zote. Kinyozi alipiga simu kusema ahsante, Kumeil akamwitikia. Mke wa mwalimu Dakhil naye akapiga. Chini, kwenye ukumbi, alimsikia Haji Shnawa akitembea huku na huku peke yake, akiongea na mtu ambaye hakuwepo, akimwomba Imamu radhi.

Kumeil aliitazama orodha ya njia kwa muda mrefu. Kila kitu kilikuwa mahali pake.